Mashine Isiyolia

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisini waliniomba niwaachie maandishi kuhusu namna ya kuchagua vipimamionzi. Nadhani walitaka jedwali: kifaa upande huu, kazi upande ule, walibandike ukutani juu ya birika la chai. Jedwali hilo limo tayari katika vitabu vilivyokuja na vifaa vyenyewe, na sijamwona aliyelisoma, mimi nikiwemo. Kwa hiyo nitaandika ninavyokumbuka. Vyeo nitaviruka. Havikuwa vingi, kuviruka hakuchoshi.

Niliingia kazini nikiwa na shahada ya fizikia na viatu vya ngozi. Shahada ninayo mpaka leo. Viatu vilibaki kwenye tope la Nyakakika safari ya kwanza.

Kabla ya safari hiyo nilipelekwa stoo kuchagua kifaa. Rafu ilikuwa na aina nne, na kila moja ilikuwa na jina la kikwetu. Cha kioo kilikuwa na kioo ndani kinachomulika mionzi ikigonga. Cha hewa kilikuwa na chumba kidogo kinachopokea hewa ya mahali palipo. Cha bomba kilikuwa na mrija wa gesi uliofungwa ndani ya ganda la chuma. Cha dirisha kilikuwa na kichwa kipana kama mfuniko wa kopo, na mbele yake utando mwembamba usiotaka kuguswa hata na jani. Nikachukua cha kioo kwa sababu kilikuwa na namba nyingi zaidi.

Mama Restituta, mkuu wetu wa upimaji, alikuwa na shahada mbili zaidi yangu na subira mara tatu yangu. Akanitazama nikikipakia.

"Hicho unakipeleka wapi?"

"Nyakakika, mama. Kituo cha afya wamefunga eksirei."

"Kwa nini hicho?"

"Ndicho chenye uwezo mkubwa."

"Hata trekta lina uwezo mkubwa. Utalipeleka kunyoa ndevu?"

Alikitoa mikononi mwangu bila hasira, akakirudisha rafuni.

"Eksirei inapiga kwa muda mfupi kuliko chafya," akasema. "Cha bomba kitashtuka mgonjwa keshavaa shati. Hicho cha kwako kitalewa. Chukua cha hewa, usimame nyuma ya ukuta wanakosimama wao, sio unakopenda wewe."

Somo langu la kwanza lilikuwa hilo, na jedwali la kitabuni halina safu yake: kabla ya kuuliza kifaa kina nguvu gani, uliza kitasimama wapi, kitasubiri nini, na nani atakuwa amesimama pale siku wewe haupo.

Cha hewa nacho kina ugonjwa wake. Kwa kuwa kinavuta hewa ya mahali, kinavuta na unyevu wake. Asubuhi moja huko Nyakatuntu ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba kiasi kwamba tulisikia ng'ombe bila kuwaona. Nilikiwasha kabla ya kukaribia chochote cha kupimwa, na mshale ukaanza kupanda wenyewe, polepole, kama mtu anayepanda ngazi kwa heshima. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, ukaendelea kupanda. Mama Restituta akafungua kifuniko, akatoa vifuko vya kukausha unyevu, akavikamua kidogo kwa vidole. Vilikuwa vimeshiba maji.

Jua lilipotoka tukavianika pamoja na kifaa chenyewe kwenye ukingo wa mkeka wa kahawa wa mzee mmoja, Ta Laurenti, aliyekuwa akigeuza buni zake kwa reki.

"Hiki nacho ni robusta?" akauliza.

"Hapana, mzee. Ni mashine ya serikali. Imelowa."

"Basi kigeuzeni. Kitu kisipogeuzwa kinaota ukungu upande wa chini."

Tukakigeuza. Baada ya chakula cha mchana mshale ulikuwa umetulia sifurini.

Cha kioo hakipendi kutoka baridi kwenda joto kwa ghafla. Ukikitoa Karagwe alfajiri ukakiweka juu ya dashibodi yenye jua, kioo cha ndani kinaweza kupasuka kama bilauri iliyomiminiwa chai, na hutasikia. Kinafaa kutafuta kitu kilichopotea, ukipita nacho polepole ndani ya gari, maana kinahisi kwa mbali. Hakifai kumwambia mtu amepokea mionzi kiasi gani, kwa sababu kinahesabu kila kinachopita bila kupima uzito wake, kama mtu anayehesabu magunia bila kujali ni ya pamba au ya mawe. Cha bomba ni kizito na kivivu. Ukikiweka mahali, ngoja. Lakini ganda lake la chuma huchuja mionzi dhaifu na kusawazisha hesabu, kinavumilia mvua, na kinatumia betri zile za redio zinazouzwa kila duka njiani kwenda Isingiro. Vijana wanacheka ninapotaja betri. Watacheka mpaka siku kifaa chao cha kuchaji kwa waya kizimike mlimani, kilomita nyingi kutoka kwenye nguzo ya umeme.

Kuhusu cha dirisha nitasema kwa mfano wa kesi moja, ngumu kuliko zote nilizopata, ingawa mionzi yake ilikuwa midogo kuliko zote.

Ilikuwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kyerwa ambacho sitakitaja, karibu na mashimo ya zamani ya madini ya bati. Mnunuzi mmoja wa madini alikuwa amenunua cha dirisha ili kukagua magunia kabla hayajapakiwa kuelekea mpakani. Hapo alichagua vizuri. Gunia liko kavu, liko bandani, na unachotaka kujua ni kama juu yake kuna vumbi lisilotakiwa. Kifaa chake kilikuwa na sauti, kikidonoa kama kuku kwenye bati, na kadiri kinavyoona mionzi mingi ndivyo kinavyodonoa haraka.

Mlinzi wa banda, Deo, kijana mcheshi ambaye wazee wake walitoka Burundi, aliruhusiwa kukitumia. Jumapili moja alikibeba mpaka mitaani kuwaonyesha watu. Kikadonoa polepole barabarani, polepole kanisani, polepole kwenye kilabu cha pombe ya rubisi. Alipofika kwa Ma Kokusima, mjane wa mchimbaji, kikaanza kudonoa mbio. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimeambiana kwamba nyumba ya Ma Kokusima ina mionzi.

Ma Kokusima alikuwa mtunza mbegu za maharage wa kitongoji. Kila msimu majirani walimwachia mbegu, naye akazihifadhi katika ghala dogo lililoshikana na jiko, akizichanganya na majivu ili wadudu wasizitoboe. Sasa hakuna aliyekuja kuchukua mbegu zake. Mtendaji wa kijiji, bwana Anaklet, akamwambia ahame kwa muda, akakae kwa binti yake, mpaka wataalamu waseme. Ma Kokusima akakataa. Mume wake amezikwa kwenye kibanja kile, nyuma ya migomba, na wenyeji wanajua kwamba kibanja chenye kaburi kikiachwa "kwa muda", kinaanza kupata wenyewe wengine. Mtendaji akaitisha mkutano wa kuamua, na ofisi yetu ikaombwa ilete jibu.

Stoo nilisimama muda mrefu kuliko kawaida. Swali halikuwa kama kuna kitu kinachodonoa. Swali lilikuwa kama mtu anaweza kuendelea kuishi pale, na hilo ni swali la kiasi kinachoingia mwilini mwake anapokaa, anapopika na anapolala. Mvua zilikuwa zimeanza, kwa hiyo cha hewa kingelowa. Cha kioo kingetia chumvi. Nikachukua cha bomba, na betri za akiba.

Nilimkuta Ma Kokusima anamenya ndizi barazani, na watu wamejaa uani kana kwamba kuna msiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe uliyekuja kunitoa?"

"Nimekuja kupima."

"Hata waliotangulia walikuja kupima." Akaelekeza kisu kwa Deo, aliyesogea nyuma ya mtendaji.

Nilipima barabarani, uani, jikoni, ghalani, kila mahali kwa kimo cha kiuno, nikingoja kila mara namba zitulie. Ghalani, ambako cha Deo kilikimbia, changu kilisoma karibu sawa na barabarani. Nikamwambia mtendaji hivyo, mbele ya watu. Nilitegemea wafurahi.

"Mbona hakilii?" mama mmoja akauliza.

"Hakina sauti. Kinaandika."

"Cha Deo kinalia."

"Hiki kimekufa," mwingine akasema. "Tazama, hata taa hakina."

"Au kimepewa rubisi," akasema wa tatu, na uani kote wakacheka, isipokuwa Ma Kokusima.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilichagua kifaa kwa ajili ya mvua, moshi na mwili wa mwanadamu, nikasahau kwamba mazingira ya kazi yana masikio. Ningeweza kuwasomea kitabu kizima. Kifaa kinacholia kilikuwa kimeshatoa ushahidi wake, na changu kilikuwa shahidi bubu.

"Deo," nikasema, "niazime hicho chako."

Nikakipeleka juu ya majivu ya ghalani. Kikakimbia, na watu wakarudi nyuma. Nikachota majivu kwenye ungo, nikauliza yametokana na nini.

"Maganda ya ndizi," Ma Kokusima akasema. "Ungetaka nichome nini, jamani, waitu? Makabati?"

"Na nyie mnachoma nini?" nikawauliza wengine.

Wote walichoma maganda hayo hayo. Tukatoka na cha Deo kuelekea jiko la jirani. Juu ya chungu cha majivu kikakimbia. Jiko la pili, kikakimbia. Jiko la tatu lilikuwa la mtendaji. Mke wake alikuwa anatunza majivu mengi kuliko wote, kwa ajili ya maharage na kwa ajili ya migomba, na pale kifaa kilidonoa mpaka Deo akaomba nikizime kisiharibike.

"Mtendaji," mzee mmoja akasema kwa upole mkubwa, "na wewe utahamia kwa binti yako?"

"Binti yangu ana miaka minne," mtendaji akasema.

Nikawaeleza kwa kifupi. Ndani ya ndizi kuna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani hutoa mionzi tangu kuumbwa kwake. Kila mmoja wetu anayo mwilini, hata asiyekula ndizi. Ukichoma maganda, maji na moshi vinaondoka, potasiamu inabaki imekusanyika kwenye majivu. Mingi ya mionzi yake haifiki mbali, na utando wa cha dirisha umetengenezwa ili kuona hiyo hiyo isiyofika mbali. Niliomba mifuniko ya sufuria. Mmoja ukapunguza mlio, wa pili ukaurudisha kwenye mdonoo wa barabarani. Watoto wakataka turudie. Tukarudia mara nyingi kuliko sayansi inavyohitaji.

Mkutano ungeweza kuishia hapo, na ningekuwa na kisa kizuri cha kusimulia kwenye semina. Lakini kupima nyumba ni kupima vyumba vyote, na kile ambamo mtu hukaa muda mrefu kuliko vyote sikuwa nimekiingia. Nikamwomba Ma Kokusima ruhusa niingie chumbani kwake. Akanitangulia.

Sakafu ya chumba ilikuwa imeinuliwa kimo cha kiganja, ikapakwa saruji. Nilipoweka cha bomba kitandani, namba zilianza kupanda. Nikangoja. Zikapanda tena, kisha zikatulia mahali ambapo sikutaka zitulie, mara kadhaa zaidi ya za uani. Nikachukua cha Deo, nikakipitisha juu ya saruji. Kilidonoa haraka kidogo tu kuliko barabarani, kiasi ambacho Jumapili ile hakuna ambaye angekitilia maanani.

"Mama, sakafu hii ilijengwa na nani?"

"Mume wangu. Chumba kilikuwa kinaingia maji masika. Akaleta mchanga mweusi wa shimoni, ule unaobaki wakishaosha bati. Ni mzito, unashindilika vizuri." Akanitazama usoni. "Sema."

Nikasema. Katika mchanga ule kulikuwa na madini mengine yaliyobaki, yenye mionzi ipenyayo. Saruji ilizuia ile dhaifu, ndiyo maana cha Deo hakikushtuka. Iliyo na nguvu ilipita, na cha bomba kikaiona. Haikuwa ya kuugua kesho wala ya kukimbia nyumba. Ilikuwa ya mtu kutolala juu yake kila siku ya maisha yake. Mchanga ukitolewa, nyumba itakuwa kama nyingine.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, kisha akakumbuka, akasimama.

"Hao walioko nje wakisikia 'mionzi' mara ya pili, hawatangoja 'ukitolewa'."

"Siwezi kuficha, mama. Nitaandika kwenye ripoti, na mtendaji atasoma."

"Nimekwambia ufiche? Nimesema wataisikiaje." Akafunga kanga vizuri. "Kutoa mchanga wote huu inachukua watu wangapi?"

"Kumi, kama wana majembe. Ulowanishwe kwanza usirushe vumbi. Urudishwe shimoni ufukiwe, na kila mtu anawe."

"Wapo zaidi ya kumi hapo nje, na wamekuja wenyewe."

Nilipiga simu kwa Mama Restituta. Aliuliza namba, akauliza nimengoja muda gani kabla ya kuzisoma, akauliza mchanga utafukiwa wapi, akaridhia. Ma Kokusima hakunisubiri. Alikuwa ameshatoka barazani, akazungumza nao kwa Kinyambo, taratibu, bila kupandisha sauti. Niliyoyaelewa ni haya: kwamba majivu ni majivu ya kila mtu, kwamba chini ya kitanda chake kuna mchanga wa shimoni usiofaa, kwamba mume wake aliuweka kwa nia njema na hatamsema vibaya na kaburi lake liko pale, na kwamba wale waliokuja kumtoa mtu nyumbani wamepata kitu cha kutoa, sasa watoe hicho.

Mtendaji akanigeukia.

"Mtaalamu, ni salama wao kuingia?"

"Kwa kazi ya siku moja, ni salama. Nitakuwa ndani pamoja nao."

"Na mchanga ukishatoka, mama anaweza kubaki?"

"Ukitoka, nitapima tena mbele yako. Namba zikishuka, hakuna sababu ya kumwondoa, nami nitaliandika hilo na kulisaini."

Mwanamume mmoja akaenda kuchukua jembe, kisha wa pili. Deo akaleta toroli la bandani bila kuagizwa, nadhani kwa sababu alikuwa ndiye mwanzo wa shughuli yote. Waliimwagia maji saruji, wakaivunja, wakautoa mchanga mweusi kwa karai, wakaubeba kwenye toroli kuelekea shimoni. Ulikuwa mzito kwa kweli. Kila karai iliwafanya waheshimu kazi ya marehemu. Mvua ikaja, ikapita. Namba za cha bomba zikawa zinashuka kila ninapongoja, mpaka alasiri zikafanana na za uani, na nikamwonyesha mtendaji kioo cha namba huku mkono wangu ukikikinga na matone. Alikisoma mara mbili, kisha akawasomea watu kwa sauti, polepole, kama matokeo ya uchaguzi. Safari hii hakuna aliyeuliza kwa nini hakilii.

Chumba kilibaki na shimo badala ya sakafu. Ma Kokusima alikuwa ameshawatuma wanawake kuchimba udongo mwekundu kwenye mgomba ulioanguka, ukamwagwa uani na kutiwa maji, ukisubiri kukandwa kwa miguu ili ukajaze chumba kabla usiku haujaingia.

Mtendaji alikuwa amekunja mwavuli, anajiandaa kuaga.

"Anaklet, mwanangu," Ma Kokusima akasema. "Udongo haujakanyagwa."

Akaangalia viatu vyake, akaangalia watu. Akavivua, akaviweka kwa mpangilio barazani, akakunja suruali, akaingia. Tope likamfika katikati ya muundi. Watu walianza kucheka, kisha wakaanza kuingia mmoja mmoja, Deo akiwa wa pili.

"Na wewe wa mashine," Ma Kokusima akaniambia.

Nikasema lazima niiangalie mashine.

"Haina miguu. Haitakwenda popote."

Nikaiweka barazani, nikavua viatu.